Waliohesabu mizoga: kisa cha kijito cha Longfellow, Seattle

Desemba 2020 ilitangazwa kwamba kemikali inayotoka kwenye matairi ya magari ndiyo iliyokuwa ikiwaua samoni katika vijito vya jiji la Seattle, jimbo la Washington, Marekani. Sifa zilikwenda maabara, na maabara ilizistahili. Lakini ukikifuatilia kisa chenyewe tangu mwanzo, unakuta jambo ambalo habari za siku zile zililipita haraka: maabara isingekuwa na swali la kujibu kama wasingekuwapo watu walioingia majini siku baada ya siku, wakahesabu samaki waliokufa na kuwapasua matumbo. Uchambuzi huu ni wa kijito kimoja, Longfellow, na wa kazi hiyo ya kuhesabu. Nataka tuone ilianzaje, ilifichua nini, nani wanaiendeleza, na ina kasoro gani.

Kijito chenyewe

Longfellow huanzia Roxhill, kusini-magharibi mwa jiji, mahali palipokuwa na kinamasi na ambapo leo jirani yake ni maduka makubwa na maegesho ya magari. Kinateremka kuelekea kaskazini katika bonde la Delridge, kinapita kwenye uwanja wa gofu, kisha kinaingia mto Duwamish karibu na bandari. Kipande chake cha mwisho hakionekani kabisa. Kimezikwa ndani ya bomba refu linalopita chini ya kiwanda cha chuma na barabara, na samoni anayetoka baharini hana budi kuogelea gizani humo mpaka atokeze upande wa pili. Duwamish nayo, katika sehemu yake ya chini, iko tangu 2001 kwenye orodha ya serikali kuu ya maeneo yaliyochafuka vibaya kuliko mengine nchini.

Pande zote za bonde ni mitaa ya watu. High Point na White Center, zilizo jirani, zina familia nyingi zilizotoka Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki, kwa hiyo wapo watoto wanaokijua kijito hiki na ambao nyumbani kwao Kiswahili si lugha ngeni. Maji ya mvua yanayoanguka juu ya paa, maegesho na barabara za mitaa hiyo huishia kijitoni, na njiani hubeba kila kilichodondoka kutoka kwenye magari.

Samaki tunayemzungumzia ni koho, mmoja wa samoni watano wa Pasifiki wanaopatikana upande wa Amerika Kaskazini. Huanguliwa kwenye maji matamu, hukaa humo mwaka mmoja na zaidi, hushuka baharini, hunenepa huko kama mwaka na nusu, kisha akikaribia miaka mitatu hurudi kijitoni kutaga. Hurudi kati ya Oktoba na Desemba, miezi ileile ambayo kwetu pwani ni vuli, maana anahitaji mvua inyanyue maji ndipo apate njia ya kupanda. Hutaga mara moja tu maishani, halafu hufa. Kwa hiyo kumkuta koho amekufa kijitoni mwezi wa Novemba si jambo la kushangaza. La kushangaza ni kumkuta jike amekufa na mayai yake yote yakiwa bado tumboni.

Kijito kilirekebishwa, samaki wakaingia

Katika miaka ya 1990 Seattle ilianza kuvirekebisha vijito vyake, na Longfellow kilikuwa miongoni mwa vilivyopewa kipaumbele. Machi 1999 serikali kuu iliwaorodhesha chinuki, aina nyingine ya samoni, wa Puget Sound, ghuba ambayo Seattle imejengwa kando yake, kuwa samaki walio hatarini, na kazi ikapata msukumo mpya. Kalvati zilizowazibia samaki njia zilishughulikiwa. Magogo yalilazwa majini ili maji yapunguze kasi na kuacha vidimbwi, changarawe ya kutagia ikamwagwa, miti ya asili ikapandwa kingoni. Wakazi walijitolea kung'oa magugu, kuzoa taka na kupanda miche. Likajengwa hata daraja la waenda kwa miguu lenye mabomba yaliyopindwa kama mbavu za samoni, ishara kwamba mtaa ulikuwa unawasubiri wageni wake.

Wageni wakaja. Ukweli usemwe hapa: koho wengi wanaoingia Longfellow hawakuzaliwa humo. Ni samaki waliototoleshwa vituoni katika mito ya jirani, wakashika njia isiyo yao wakati wa kurudi. Hilo halipunguzi uzito wa jambo, kwa sababu koho aliyepotea njia naye hutaga akipata mahali pazuri, na ndivyo vijito vilivyokuwa vitupu hupata wakazi wapya. Kwa miaka mingi hapakuwa na samaki wa kuwaonyesha watoto, na sasa walikuwapo.

Wataalamu walipokwenda kupima kama marekebisho yamefaulu, walikuta samaki wanaofanya mambo yasiyo ya kawaida. Koho mkubwa, mwenye afya ya kuonekana, alikuwa akiogelea juujuu kwa kuzungukazunguka. Kinywa kinafunguka na kufunga bila mpango, mapezi yametanuka na kukakamaa. Kisha anapoteza mizani, analala ubavu, maji yanamsukuma anakotaka kwenda na asikotaka. Ndani ya saa chache amekufa. Majike waliokufa hivyo walipopasuliwa, kwa kawaida zaidi ya asilimia 90 ya mayai yalikuwa bado tumboni. Samaki amevuka bahari, amepita bandari, amepenya bomba la gizani, amefika kwenye changarawe aliyotandikiwa, akafa mlangoni.

Hesabu ya kila siku

Kuanzia vuli ya 2002 mpaka 2005, kikundi cha wanasayansi wa NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na anga, pamoja na wenzao, kiliandaa ukaguzi wa kila siku wa Longfellow katika msimu wote wa koho. Matokeo yake yalichapishwa 2011, Nathaniel Scholz akiwa mwandishi wa kwanza. Katika kila msimu wa miaka hiyo, kati ya asilimia 60 na 100 ya koho walioingia walikufa kabla ya kutaga. Kwa kulinganisha, katika kijito cha Fortson kilicho nje ya mji, kilichokaguliwa 2002, waliokufa hivyo hawakufika asilimia 1.

Tofauti hiyo ndiyo moyo wa kisa. Ungekuwa huna Fortson, ungeweza kujifariji kwamba koho ndivyo walivyo, baadhi hufa njiani. Ungekuwa huna hesabu ya kila siku, ungeweza kusema ilikuwa bahati mbaya ya mwaka mmoja, au kwamba mtu alimwaga kitu usiku. Misimu minne mfululizo inafunga milango hiyo yote. Kikundi hicho pia kilikagua hewa iliyomo majini, joto la maji, dawa za kuua wadudu, magonjwa ya samaki, na hali ya mwili wa samaki wenyewe. Hakuna hata kimoja kilicholingana na vifo. Kilichoonekana ni dalili kwamba samaki walikuwa wamegusana na metali na mafuta ya petroli, vitu ambavyo mjini hutoka zaidi kwenye magari. Mwaka huohuo wa 2011 ulichapishwa utafiti mwingine uliovilinganisha vijito vya eneo hilo, ukaonyesha kwamba vifo hupanda palipo na barabara nyingi na ardhi iliyofunikwa kwa lami na saruji.

Inafaa kuitazama kwa karibu kazi ya kukagua mzoga mmoja, maana wengi hudhani kuhesabu ni kusimama kingoni na kuandika moja, mbili, tatu.

Unavaa suruali ya mpira inayofika kifuani na miwani inayokata mng'ao wa maji. Unatembea dhidi ya mkondo, ili tope unalotibua liende nyuma yako. Unatazama chini ya magogo na kwenye mizizi iliyoning'inia, kwa sababu mzoga haukai katikati ya maji. Unasukumwa pembeni na kunasa. Ukiupata, unaupima urefu. Unatazama mgongoni, karibu na mkia, kama lipo lile pezi dogo la mafuta. Likiwa limekatwa, samaki huyo ametoka kituoni, kwa kuwa vituo huwakata vifaranga vyao pezi hilo ili watambulike. Unatazama mkia wa jike: jike aliyetaga huwa ameusugua kwa kuchimba changarawe, hivyo kingo zake huwa nyeupe na zimechakaa. Halafu unapasua tumbo. Mayai ya koho ni ya rangi ya chungwa, na yakiwa bado yamejaa ndani ya vifuko vyake viwili, huna haja ya kuuliza zaidi. Unaandika, unaandika na mahali ulipomkuta, unaukata mkia ili kesho mwenzako asimhesabu tena, na unaurudisha mzoga majini, kwa sababu ndiyo chakula cha wadudu wa kijito na cha miti ya kingoni.

Katika mito mingi ya pwani ile, kuanzia Washington hadi British Columbia na Alaska, samoni huhesabiwa kwa uzio. Paneli za fito huvushwa mto mzima, na samaki huelekezwa kwenye sanduku ambalo mlango wake ni mpana nje na mwembamba ndani, kwa namna ya dema la wavuvi wetu. Kila asubuhi mtu hufika, hufungua, huhesabu, na kuwaachia samaki upande wa juu. Ni kazi inayodai matunzo makubwa: majani yaliyopukutika huziba fito, maji hujikusanya nyuma yake, na usiku mmoja wa dhoruba unatosha kuung'oa uzio mzima. Sehemu nyingi, wanaoutunza na kuukarabati ni watu wa kujitolea. Nauheshimu uzio. Unatoa idadi safi kuliko miguu ya watu.

Lakini uzio hukwambia wangapi wameingia tu. Longfellow ingekuwa na uzio peke yake, kila mwaka jiji lingesherehekea. Koho wamerudi, marekebisho yamefaulu, tuendelee na kijito kingine. Aliyejua kwamba hawazai ni yule aliyepanda kijito kwa miguu na kisu mkononi. Kwa kijito cha mjini, ninavyoona mimi, ukaguzi wa mizoga si nyongeza ya hesabu ya waliorudi. Ndio hesabu yenyewe.

Kutoka mzoga hadi tairi

Baada ya 2011 swali likawa: ni nini hasa kilichomo kwenye maji ya barabarani? Jibu lilitafutwa ng'ambo ya ghuba, kwenye rasi ya Kitsap, katika kituo cha kutotoleshea samaki cha Grovers Creek kinachomilikiwa na kabila la Suquamish. Hili nisingependa lipite hivihivi. Suquamish ni watu wa Chifu Seattle, ambaye jiji limechukua jina lake. Haki yao ya kuvua ilitambuliwa na mkataba wa Point Elliott wa 1855, na mahakama ya shirikisho ikaitilia nguvu 1974 kwa hukumu ya jaji George Boldt, kwamba makabila yenye mikataba yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Kwa hiyo walipotoa koho wao watumike katika majaribio, hawakuwa wafadhili waliosimama kando. Walikuwa wadai.

Julann Spromberg, Jenifer McIntyre na wenzao walikinga maji ya mvua kutoka barabara kuu ya 520 mjini Seattle, wakayasafirisha hadi Grovers Creek na kuwaweka koho waliokomaa ndani yake. Koho walikufa ndani ya saa 24, kwa dalili zilezile za Longfellow. Walipochanganya wenyewe metali na kemikali za mafuta kwa viwango vinavyofanana na vya barabarani, koho hawakufa. Ikawa wazi kwamba watuhumiwa waliokuwa wakitajwa kwa miaka si wenyewe, au angalau si peke yao. Tena, maji yaleyale ya barabara yalipopitishwa kwanza kwenye tabaka la mchanga na mboji, koho waliishi. Utafiti huo ulichapishwa 2016, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa majaribio yenye matumaini zaidi katika mazingira ya mijini, kwa kuwa dawa ilipatikana kabla ugonjwa haujajulikana jina.

Fumbo lingine lilikuwa chamu. Huyu ni samoni pia, huingia vijito hivyohivyo katika miezi hiyohiyo, lakini alipowekwa kwenye maji ya barabarani yaliyomuua koho, hakuonekana kudhurika. McIntyre na wenzake walilionyesha hilo kwa majaribio mwaka 2018. Damu ya koho iliyopimwa ilikuwa imekuwa nzito kupita kiasi. Ya chamu haikuwa hivyo. Yaani sumu hii ilikuwa inachagua.

Wakati huohuo kikundi cha Edward Kolodziej, wa Chuo Kikuu cha Washington, kilikuwa kikichambua maji kemikali kwa kemikali, na alama zilizofanana na za matairi zikaanza kujitokeza. Mpira wa tairi uliosagwa ukalowekwa majini, na maji yale yakaua koho. Ndani yake mlikuwa na kemikali zaidi ya 2,000. Zhenyu Tian na wenzake waliyagawa maji hayo mafungu, wakajaribu kila fungu kwa koho wachanga, wakatupa mafungu yasiyoua na kuyagawa tena yanayoua, hadi ikabaki moja. Haikuwa kwenye orodha yoyote ya kemikali za viwandani. Walichokigundua ni kwamba imezaliwa na nyingine inayojulikana sana, 6PPD, ambayo hutiwa kwenye mpira ili tairi lisipasuke nyufa kwa kushambuliwa na gesi ya ozoni. 6PPD hufanya kazi kwa kujitoa mhanga: inakutana na ozoni kabla mpira haujaguswa. Ikishakutana nayo hugeuka, na mojawapo ya vitu inavyogeuka ni hiki kinachoua koho, kilichopewa jina la 6PPD-kwinoni.

Kipimo cha mwanzo cha ukali wake kilirekebishwa baadaye na kikundi kilekile, wakiwa wamepata kemikali safi zaidi ya kulinganishia. Ikaonekana ni kali kuliko walivyodhani: nanogramu 95 katika lita moja zinatosha kuua nusu ya koho. Bwawa la kuogelea la kiwango cha Olimpiki, lenye lita 2,500,000, lingehitaji takriban robo ya gramu tu.

Wanaoendelea kuingia majini

Hapa lazima nitenganishe mambo, nisije nikawapa watu sifa ya kazi ya wengine. Ukaguzi wa 2002 hadi 2005 ulikuwa wa wanasayansi. Utafiti huo ulipofika mwisho wake, swali la nani ataendelea kuhesabu lilibaki wazi, kwa kuwa fedha za utafiti huja na tarehe ya kwisha. Waliochukua nafasi ni raia. Tangu 2010 wakazi wa Burien, Normandy Park na jirani zao, kusini kidogo mwa Seattle karibu na uwanja wa ndege wa Sea-Tac, wamekuwa wakikagua vijito vya Miller na Walker. Longfellow nayo, tangu 2015, imekuwa na wakaguzi wa kujitolea waliofunzwa na shirika la Puget Soundkeeper. Hawa ni watu wenye kazi nyingine, wanaokuja kwenye zamu yao hata kama mvua inanyesha, na katika msimu wa koho mvua hainyeshi kidogo.

Kasoro zipo, na anayeipenda kazi hii anapaswa kuzijua. Mizoga huibwa na rakuni, korongo na fisi-maji kabla mtu hajafika, na mzoga uliobaki kichwa na uti wa mgongo hauwezi kukwambia kama mayai yalitagwa. Maji yakifurika hakuna anayeruhusiwa kuingia, na mafuriko ndiyo siku za vifo. Macho ya mgeni wa kwanza si sawa na ya aliyekagua misimu mitano. Tena idadi ya samaki wa kijito kidogo ni ndogo: msimu ukileta koho wachache, asilimia hurukaruka kwa sababu ya samaki wawili au watatu, na anayelinganisha mwaka mmoja na mwingine bila kutazama idadi anajidanganya.

Dawa ya kasoro hizi ni utaratibu, wala si utaalamu wa hali ya juu. Kipande kilekile cha kijito, siku zilezile za wiki, fomu ileile, na kuandika hata siku ambayo hakuna kilichoonekana. Siku tupu ina thamani sawa na siku ya mizoga kumi. Wengi wanaoanza kujitolea hulipuuza hili kwa nia njema kabisa: wameona hakuna kitu, hawaandiki kitu, na miaka ikipita hakuna anayejua kama siku ile hapakuwa na samaki au hapakuwa na mkaguzi. Pengo la namna hiyo halizibiki. Kalvati iliyobomoka utaijenga upya mwaka kesho, lakini Novemba ambayo haikukaguliwa imekwenda.

Je, marekebisho yalikuwa kazi bure?

Wapo waliosema hivyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Fedha na jasho vilitumika kulaza magogo na kumwaga changarawe, na samaki wakavutwa kuingia mahali pa kufia. Kama koho hao wangeendelea mbele mpaka mto safi zaidi, pengine wangezaa.

Mimi sikubaliani nao, ingawa hoja inaniuma. Kijito kilichofungwa kwa kalvati na kujaa taka kisingekuwa na koho wa kufa, na bila koho wa kufa hakuna ambaye angejua kwamba maji ya barabara za Seattle ni sumu. Maji hayo yalikuwa yakitiririka miaka yote, na samaki ndio walioyasema. Kilichokosewa ni kudhani kwamba kijito ni umbo lake: kingo, mawe, kivuli, njia ya kupita. Warekebishaji walishughulikia kilichoko ndani ya kingo wakaacha kilichoko juu yake, yaani barabara zote zinazomwagia maji humo. Anayeanza kazi kama hii leo, popote, aanze kwa kuchora ramani ya mabomba ya maji ya mvua kabla hajanunua mche hata mmoja.

Na dawa iliyoonekana Grovers Creek inatekelezeka mitaani. Chini ya daraja la Aurora, upande mwingine wa Seattle, yamejengwa mabonde madogo ya mimea na udongo wa kuchuja maji yanayoshuka kutoka darajani. Kwenye mitaa inayomwagia Longfellow jiji nalo limechimba mitaro ya mimea pembeni mwa barabara. Tatizo ni wingi wa barabara. Mitaro hiyo huchuja maji ya vipande vilivyobahatika, na mjini kipande ambacho hakijabahatika ndicho kikubwa.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atauliza kama samaki wetu nao wamo hatarini, kwa kuwa matairi yanayopita barabara zetu yana 6PPD vilevile. Majaribio yaliyofanywa mpaka sasa yanaonyesha kwamba aina nyingi za samaki hazifi kwa viwango vinavyomuua koho. Walioonekana kudhurika sana ni koho, na kwa kiasi kidogo zaidi jamii za trauti kama trauti wa upinde wa mvua na trauti wa kijito. Kwa hiyo asije mtu akasema sato na kambale wanauawa na matairi kwa sababu ya kisa cha Seattle. Akague kwanza.

Tairi lenyewe

Agosti 2023 makabila matatu, Yurok wa California, Port Gamble S'Klallam na Puyallup wa Washington, yaliliomba rasmi Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, lidhibiti matumizi ya 6PPD kwenye matairi. Novemba mwaka huohuo EPA ilikubali ombi, hatua ambayo maana yake ni kuanza mchakato wa kutunga kanuni, si kupiga marufuku. Mwezi uleule vyama vya wavuvi wa pwani ya Pasifiki viliwashtaki watengenezaji wa matairi mahakamani. California ilikwisha kuyaweka matairi yenye 6PPD, Oktoba 2023, kwenye orodha ya bidhaa ambazo mtengenezaji analazimika kutafuta mbadala wake.

Kupata mbadala si jambo la wiki mbili. Tairi linalopasuka nyufa barabarani linaua watu, na kemikali itakayochukua nafasi ya 6PPD lazima ikae miaka ndani ya mpira bila kuudhoofisha. Naelewa hilo. Nisichokielewa ni wazo kwamba kila mbadala atajaribiwa kwa usalama wa tairi kwanza, kisha samaki baadaye. 6PPD ilifika majini kwa mpangilio huohuo, ikatumika miongo kadhaa kabla hajatokea mtu wa kuuliza inageuka kuwa nini ikishakutana na ozoni. Kitakachowekwa kwenye tairi kijaribiwe, na vitu kinavyozaa vijaribiwe pamoja nacho, kwa koho hai, kabla hakijauzwa.

Juni 2024 EPA ilitoa kipimo cha kutahadharisha: nanogramu 11 za 6PPD-kwinoni kwa lita ya maji matamu, kwa muda mfupi, ili kuwalinda viumbe wa majini. Kipimo hicho ni ushauri kwa majimbo na makabila, hakina nguvu ya sheria, lakini kimewapa watu wa vijito kitu cha kushika. Sasa anaweza mtu kuchota chupa ya maji Longfellow, akapeleka kupima, akalinganisha. Shida ya chupa ni kwamba inachotwa saa moja, na sumu hii hupanda na kushuka pamoja na dhoruba. Anayechota saa nne asubuhi anaweza kukuta maji yako sawa, wakati yaliyopita usiku yalikwisha kuua. Koho yeye amekaa majini usiku kucha. Kwa hiyo fedha zikiwepo ningependa zigawanywe, sehemu iende kwenye chupa na sehemu kwenye mafunzo na vifaa vya wakaguzi wa kujitolea. Ikilazimu kuchagua kimoja kwa kijito kama Longfellow, ningechagua wakaguzi.